Wimbo wa Kidole Kimoja

MAKA: Haloo? … Haloo, Baba? Baba, ni wewe?

SEINI: Baba yako atapigaje simu, Maka? Ni mimi.

MAKA: Mama! Umenishtua. Nimeona jina lake kwenye simu, moyo ukaruka. Nikasema labda leo ameongea.

SEINI: Aongee nini? Ni ile ile "ndiyo" aliyoachiwa na kiharusi. Asubuhi nimemuuliza, mzee, unataka uji? Ndiyo. Hutaki uji? Ndiyo. Nikamwambia basi nitakupa na nitakunyima. (anacheka kidogo) Simu yangu imeisha salio, nimechukua ya kwake. Kwani yeye ana kazi nayo?

MAKA: Shikamoo, mama.

SEINI: Marahaba. Uko wapi?

MAKA: Kwenye treni. Imesimama.

SEINI: Stesheni gani?

MAKA: Hakuna stesheni. Katikati tu. Tumeipita stesheni ya Granville, naona migongo ya nyumba za watu na nguo zilizosahaulika kwenye kamba. Wametangaza taa za njia zimegoma. Hii ni nusu saa sasa.

SEINI: Lo! Na watu wanakuja saa kumi na mbili na nusu.

MAKA: Watu gani?

SEINI: Watu wa— Wa kwaya. Watu tu. Sikukupigia kwa hilo. Hii laptopu ya baba yako umeifanya nini?

MAKA: Aaa! Ameiona! Si iko mbio, mama?

SEINI: Mbio iko mbio.

MAKA: Si nilikwambia? Ile ilikuwa ukiiwasha unaweka magimbi jikoni, yanaiva, mnakula, mnaosha vyombo, bado kiduara kinazunguka tu. Sasa ukibonyeza, pap! Nimeisafisha yote. Nimeiwekea mfumo mpya, betri mpya—

SEINI: Umeisafisha.

MAKA: Yote.

SEINI: Yote kabisa?

MAKA: Picha zenu nilizitoa kwanza nikaziweka pembeni, usiwe na wasiwasi. Video ya maziko ya Bibi ipo. Za kwetu visiwani Tonga zipo. Za Lupe wangu na meno yake yaliyong'oka zipo. Nikafuta, halafu nikazirudisha. Ndivyo fundi anavyofanya, mama, hakurupuki. Anasemaje mzee?

SEINI: Mzee amekaa mbele yake tangu saa nane. Kidole kiko hewani.

MAKA: Kidole gani?

SEINI: Kwani anavyo vingapi vinavyofanya kazi? Kile cha kushoto. Amekinyanyua, hakishuki. Anaangalia kioo kama mtu aliyerudi kwake akakuta kufuli si lake. Chai imepoa, sambusa hajaigusa.

MAKA: Anatafuta nini? Mahubiri yapo, raga ipo, nimemwekea palepale mbele, picha ya mpira. Mwambie abonyeze mpi—

(mtandao unakwaruza)

SEINI: —nne. Unanisikia? Kulikuwa na mafaili manne!

MAKA: Unakatika, mama. Mafaili ya nini?

SEINI: YA NAMBA! Tano, tano, saba, nane, mstari, sita, tano—

MAKA: Usipige kelele, watu wote humu wananitazama. Ah, zile? Zile takataka? Mama, ile mashine ilikuwa imeugua. Majina yenyewe "a", "aa", "aaa". Ukifungua, namba na vistari, namba na vistari, kurasa na kurasa. Hao ni virusi, au kuna mtu alilalia vitufe. Nilizifu—

(kimya)

MAKA: Mama? Mtandao upo. Sema kitu.

SEINI: Mtoto wa mwalimu wa kwaya.

MAKA: Nini?

SEINI: Wewe ni mtoto wa mwalimu wa kwaya. Umekulia chini ya ubao wa baba yako, unga wa chaki umeunywa pamoja na maziwa. Tatu ni nini?

MAKA: Mama, mimi niliacha kwaya nina miaka kumi na—

SEINI: Sikukuuliza uliacha lini. Tatu ni nini, Maka?

MAKA: Tatu ni… Do. Tatu ni do, nne ni re. Mungu wangu.

SEINI: Umekumbuka sasa.

MAKA: Zilikuwa noti.

SEINI: Zilikuwa noti. Kwetu noti huandikwa kwa namba; mtoto wa Kitonga, hata aliyezaliwa hapa Sydney, akiona tano-tano-saba anafungua mdomo aimbe. Wangu mimi anafungua ndoo ya taka.

MAKA: Lakini zile ni za ubaoni! Za chaki! Miaka yote Baba anaandika kwa chaki, nani alisema ziko kwenye laptopu? Tangu augue hajaandika hata—

SEINI: Angeshikaje chaki, na mkono wenyewe umelala? Akajitafutia njia. Miezi minane, Maka. Kidole kimoja. Anabonyeza namba, anapumzika. Anabonyeza nyingine. Siku nzima ameshinda na mstari mmoja, jasho linamtoka kama aliyechimba viazi vikuu. Sauti nne, faili moja kila sauti. Hiyo "a" ndiyo herufi iliyo karibu na kidole chake.

MAKA: Mbona hamkuniambia?

SEINI: Tulitaka tukushtue.

MAKA: Mimi?

SEINI: Wewe. Jumapili hii, kanisani. Mchungaji anajua, kwaya inajua. Lupe ana miaka sita na amefunga mdomo tangu Pasaka. Wewe tu ndiye ulikuwa hujui. Na leo walikuwa waje kunakili ubaoni, waanze mazoezi.

MAKA: Mngezichapa hata kwenye karatasi! Mashine ya kuchapa si ipo pale pale sebuleni?

SEINI: Ipo. Haina wino. Kuna mtu alisema ataleta.

MAKA: Nimenunua leo. Uko hapa kwenye begi.

SEINI: Haya. Asante.

MAKA: Mama, usiseme asante namna hiyo.

SEINI: Nisemeje? Ulifanya lini kazi hii?

MAKA: Juzi.

SEINI: Juzi ilikuwa nini?

MAKA: Juzi.

SEINI: Juzi ilikuwa Jumapili, Maka.

MAKA: Najua.

SEINI: Ibada ya mchana ulisema kichwa kinauma. Nikakuombea mbele ya kina mama wote. Kumbe kichwa kizima, umekaa na bisibisi siku ya Bwana! Kwetu Tonga Jumapili hata ndege haishuki, wewe—

MAKA: Ningefanya lini? Niambie, mama, lini? Saa kumi alfajiri niko stesheni, nikirudi giza, naogesha mtoto, mwenzangu Vika anaingia zamu. Jumamosi naosha viti vya ukumbi wa kanisa. Nikaona mzee anahangaika na ile mashine, nikasema nimfanyie kitu kimoja. Kimoja tu. Nyie mko ibadani, yeye amelala, nimalize asijue, aamke aikute. Na mimi nilitaka kumshtua!

SEINI: Basi umemshtua.

MAKA: Jana mbona hakusema? Namaanisha, mbona hakuonyesha?

SEINI: Jana tulishinda hospitali kwenye mazoezi ya mguu. Ameifungua leo.

MAKA: Ngoja. Ngoja, ngoja. Mama, sikiliza. Hazijapotea.

SEINI: Hazijapotea?

MAKA: Si zote, labda. Kompyuta ikifuta kitu haikifuti kweli. Ule ubao wa Baba— ukifuta kwa kitambaa kikavu si unabaki na kivuli?

SEINI: Cha chaki. Ndiyo, unabaki. Wale wa nyuma hata walikuwa wanaimbia kivuli.

MAKA: Hicho hicho! Kivuli kiko mle ndani. Nikifika nina programu ya kukisoma, nimewahi kumtolea jirani picha za harusi. Ila mtu akiandika juu yake—

SEINI: Kivuli kinakwenda.

MAKA: Kinakwenda. Kwa hiyo izime. Sasa hivi. Isiguswe mpaka nifike.

SEINI: Haya. Maka.

MAKA: Ee.

SEINI: Kidole kimeshuka.

MAKA: Kimeshuka wapi?

SEINI: Anaandika. Amefungua ukurasa mweupe, anaanza upya.

MAKA: Mzuie!

SEINI: (mbali na simu) Mzee… mzee, hebu niazime kidogo… mtoto anasema… Baba Maka, unanisikia? (sauti ya mwanamume, nzito: Ndiyo.) Basi nipe… (Ndiyo.) Nipe basi! (anarudi) Amesema ndiyo, na ameikumbatia.

MAKA: Kuna kitufe cha kuwashia, juu kulia. Kibonyeze, ukishikilie, uhesabu mpaka kumi.

SEINI: Nakiona. Nikipeleka mkono anaweka wake juu yangu. Usidhani ni mgonjwa, ule mkono mmoja umechukua nguvu za miwili.

MAKA: Chomoa waya ukutani!

SEINI: Subiri… Nimechomoa. Inawaka.

MAKA: Bado inawaka?

SEINI: Inawaka vilevile. Si ile betri ilikuwa imekufa, ukitoa waya tu inazima?

MAKA: Nimeweka mpya, mama.

SEINI: Kweli wewe ni fundi.

MAKA: Itakaa masaa sita.

SEINI: Masaa sita! Ya simu yako je?

MAKA: Asilimia saba.

SEINI: Ona. Nyumba nzima ina betri mpya, simu yake mwenyewe haina.

MAKA: Mama, tafadhali, jaribu tena. Mwambie Lupe amwite, aende akamwonyeshe kitu, chochote, akinyanyuka tu wewe uichukue—

SEINI: Nimdanganye kwa mjukuu wake?

MAKA: Dakika moja tu!

(mtandao unakwaruza, sauti ya kipaza sauti cha treni, maneno hayasikiki)

SEINI: —wamesema nini hapo?

MAKA: Tuvumilie. Wamesema tuvumilie. Ningekuwa na uwezo ningevunja dirisha nikimbie kwenye reli, mama, nakuapia.

SEINI: Usiape. Nijibu swali moja, unijibu kama uko mbele ya madhabahu. Nikimnyang'anya, wewe ukafika, utazitoa zote nne?

(kimya)

SEINI: Maka.

MAKA: Mfumo mpya ni mkubwa. Niliuweka palepale juu. Na picha nikazirudisha palepale juu. Kwa hiyo mimi mwenyewe nimeshaandika juu ya… Labda nitapata kipande. Labda sauti moja. Ya besi, labda.

SEINI: Au?

MAKA: Au hakuna.

SEINI: Kwa hiyo nimpokonye mtu kazi mkononi kwa ajili ya labda.

MAKA: Na mimi sina kingine cha kukupa, mama. Niko ndani ya bati, mlango haufunguki.

(Kwa mbali, kitufe kinabonyezwa. Kimya kirefu. Kingine.)

MAKA: Anakumbuka?

SEINI: Mistari miwili anakumbuka. Ngoja nisogee nisome. Tano, tano, saba… (anaimba kwa sauti ndogo, bila maneno, mistari miwili, anakatika) Anaishia hapo. Panapotakiwa kupanda, anaishia. Sasa anafuta. Anarudia toka mwanzo. Tano, tano, saba… Anaishia palepale.

MAKA: Wewe hukumbuki? Si ulikuwa unamsikia?

SEINI: Kusikia nini? Haimbi, Maka, wala hapigi mluzi. Wimbo ulikuwa kichwani mwake, ukapita kwenye kidole ukaingia mle. Siku alipomaliza alinipa nisome mstari huu wa kwanza tu, halafu akafunga. Mingine nisubiri na wenzangu.

MAKA: Maneno je? Ulikuwa na maneno?

SEINI: Tukizungumza maneno nitalia, na nina samaki motoni.

MAKA: Mama.

SEINI: Aliniandikia kwenye kile kibao cha herufi cha Lupe, herufi moja moja, siku tatu, ili niyaweke sawasawa. Ni sala ya mtu anayetoka nyumbani gizani. Mungu amtangulie njiani, amrudishe. Kila alfajiri unafunga ule mlango polepole, unashika komeo kwa kidole lisilie. Unadhani amelala.

MAKA: Halali?

SEINI: Hajawahi kulala. Anafungua macho, anasikiliza mpaka viatu vyako vipite kwenye changarawe za jirani. Ndipo analala.

MAKA: Mimi nafunga polepole nisimwamshe.

SEINI: Najua, mwanangu.

MAKA: Niweke kwenye spika.

SEINI: Unataka kufanya nini?

MAKA: Nimwambie. Anajua kama ni mimi?

SEINI: Hajui. Nimemwambia mashine imeharibika yenyewe, mashine zina tabia hiyo. Mungu anisamehe, na mimi nimedanganya leo. Mwache hivyo, Maka. Kuna haja gani?

MAKA: Atakaa anajilaumu. Atadhani ni kidole chake kilibonyeza vibaya.

SEINI: Hilo… hilo nafikiri ndilo analofikiri. Amekuwa akikiangalia kile kidole.

MAKA: Niweke kwenye spika, mama. Asilimia nne.

SEINI: Ngoja. Hii… hapa? Haya. Mzee, huyu Maka. Sema, anakusikia.

MAKA: Baba, shikamoo.

(sauti ya Baba: Ndiyo.)

MAKA: Baba, laptopu haikuharibika. Wala si wewe. Hukubonyeza kitu kibaya, unanisikia? Kidole chako hakina kosa. Ni mimi. Juzi, mkiwa… Mama akiwa ibadani na wewe umelala. Nilitaka iwe na mbio. Nikaona zile namba nikadhani ni takataka. Namba zako, Baba. Mimi, mwanao, nikaona ni takataka.

(Vitufe havisikiki.)

MAKA: Baba, umenisamehe?

(sauti ya Baba: Ndiyo.)

MAKA: (anapumua) Mama?

SEINI: Umemsikia.

MAKA: Anafanyaje? Uso wake ukoje?

SEINI: Uso wake nusu ndiyo inayosogea, Maka, na nusu hiyo ameigeuzia dirishani.

MAKA: Basi muulize kinyume chake. Kama ulivyomuuliza uji. Muulize, hujamsamehe Maka?

(kimya kirefu)

SEINI: Hilo simuulizi.

MAKA: Mama—

SEINI: Simuulizi, mwanangu. Nenda na hiyo "ndiyo" uliyopata. (mlango unagongwa; sauti za watu, mtu anacheka nje) Yesu wangu, ndio hao, wamewahi! Na ubao wamebeba. Niwaambie nini mimi?

MAKA: Waambie… sijui. Waambie nakuja.

SEINI: Samaki wangu anaungua! Lupe! Lupe, wafungulie kina shangazi, na uvae sketi! Maka, nakuweka hapa mezani, sikati, nisubiri.

MAKA: Mama, asilimia mbili, usini— Mama?

(hatua zinakwenda mbali. Mlango. Salamu nyingi, za mbali. Karibu na simu, mtu anapumua.)

MAKA: Baba? Uko hapo?

(Ndiyo.)

MAKA: Mimi bado niko palepale. Treni haijasogea.

(kitufe kinabonyezwa. Kimya. Kingine. Kimya. Kingine, halafu hakuna.)

MAKA: Hapo ndipo panapopanda?

(Ndiyo.)

MAKA: Sijui nikusaidieje, Baba. Nikae hivi hivi nikusikilize?

(Ndiyo.)

MAKA: Au nikate, uandike bila kelele?

(Ndiyo.)

MAKA: Basi nakaa.

(kitufe. Kimya. Kitufe. Simu inazima.)